Boksi Dogo, Besi Nzito: Historia ya Spika za Kujitengenezea Zilizowaumbua Wakubwa

Ingia duka lolote la vifaa vya muziki mjini uone. Kitu cha kwanza utakachooneshwa ni ukubwa. Boksi limebandikwa namba ya kutisha, wati elfu kumi PMPO, taa za rangi zinacheza, muuzaji anafungulia besi mpaka vioo vya kaunta vinatetemeka. Mteja anatoa hela. Akifika geto na kuweka wimbo wenye sauti ya mwanamke na gitaa tupu, anashangaa: mbona huyu dada anaimba kama yuko ndani ya ndoo?

Jamaa kaamini macho yake. Na wala si wa kwanza. Kwa karibu miaka mia sasa, spika ndogo za kuweka juu ya kabati au kwenye rafu ya vitabu zimepigana vita hiyohiyo, kuwaaminisha watu kwamba kidogo kinaweza kupiga vizuri kuliko kikubwa. Kitu kitamu kwenye stori hii ni kwamba wengi waliopigana upande wa boksi dogo hawakuanza na kiwanda. Walianza na chumba cha chini ya nyumba, gereji, msumeno na ubishi.

KWANI SPIKA INATAKA BOKSI LA NINI?

Spika kama unavyoijua leo, yaani koni inayosukumwa na koili iliyokaa ndani ya sumaku, ilipata umbo lake mwaka 1925. Mainjinia wawili wa kampuni ya General Electric ya Marekani, Chester Rice na Edward Kellogg, walichapisha kazi yao mwaka huo, na mwaka uliofuata spika ya aina hiyo ikaingia sokoni. Toka hapo mpaka leo kanuni ni ileile. Sumaku, koili, koni. Kwisha.

Shida iko kwenye hewa. Koni ikienda mbele inaisukuma hewa ya mbele, lakini sekunde hiyohiyo inaivuta hewa ya nyuma. Kwenye besi, mawimbi hayo mawili yanazunguka ukingo wa koni, yanakutana na yanafutana. Ndiyo maana spika ikishikwa mkononi bila boksi inalia kama nzi ndani ya kopo, hata iwe na sumaku kubwa kama sahani. Ifunge kwenye boksi, besi inarudi. Kila fundi spika wa mtaani analijua hili hata kama hajawahi kufungua kitabu cha fizikia.

Jibu la miaka ile lilikuwa jepesi: boksi liwe kubwa. Wapenzi wa muziki wenye uwezo miaka ya 1940 walikuwa na makabati ya spika yenye ukubwa wa friji. Huko Hope, jimbo la Arkansas, Paul Klipsch alitengeneza Klipschorn, spika iliyokaa kwenye kona ya chumba na kuzitumia kuta zenyewe kama sehemu ya tarumbeta lake. Sauti ilikuwa ya kweli kabisa. Ila ukiwa mpangaji wa chumba kimoja, pole yako.

MFANYABIASHARA WA VITAMBAA NA BOKSI ZA MATOFALI

Mwaka 1932, kwenye mji mdogo wa Ilkley, Yorkshire, Uingereza, jamaa mmoja aliyekuwa kwenye biashara ya vitambaa aliingia chumba cha chini cha nyumba yake akaanza kutengeneza spika. Anaitwa Gilbert Briggs. Injinia hakuwa. Alikuwa anapenda piano na alikuwa na masikio. Muda mfupi baadaye akapeleka spika zake kwenye mashindano ya wapenzi wa redio mjini Bradford, akaondoka na zawadi. Biashara aliyoianzisha chini ya nyumba ikawa Wharfedale, jina ambalo mpaka leo lipo madukani.

Lakini kilichowagusa watu wa kawaida zaidi ni kitabu chake cha mwaka 1948 kuhusu spika, alichokiandika kwa lugha nyepesi yenye utani, kikieleza kwa nini spika inafanya inavyofanya. Enzi hizo Uingereza imetoka vitani, hela hakuna, bidhaa hakuna. Mwaka mmoja kabla, jarida la Wireless World lilikuwa limechapisha mchoro wa amplifaya ya D. T. N. Williamson, na watu wakawa wanaiunga wenyewe mezani. Sasa wakapata na maelezo ya spika. Unanunua koni peke yake, boksi unajua mwenyewe.

Briggs mwenyewe hakuwa mtu wa mambo madogo. Alihubiri boksi zisizotikisika: mbao mbili zenye mchanga katikati, hata boksi la kujengwa kwa matofali kwenye kona ya sebule. Unaweza kucheka, ila hoja yake ni ya leo pia. Ukuta wa boksi ukitetemeka, nao unaimba, na hakuna aliyemwalika.

Mwaka 1954 aliukodi ukumbi wa Royal Festival Hall jijini London, akaweka wanamuziki jukwaani, akaweka na spika, kisha akawaachia watu wasikilize kipi ni kipi. Ishike hiyo picha. Wazo la kuiweka spika kando ya kitu halisi na kumwachia msikilizaji ahukumu litarudi.

MSOMI WA SANAA NA KITAMBAA CHA GODORO

Sasa vuka bahari. Mtu aliyelipindua soko zima la spika alikuwa na shahada ya historia ya sanaa. Ndiyo, historia ya sanaa, michoro na majumba. Edgar Villchur wa New York, mzaliwa wa 1917, aliujua umeme akiwa jeshini wakati wa Vita Kuu ya Pili. Alipotoka akaendelea kujisomea, akaandika makala za majarida ya sauti na akafundisha darasa la mambo ya sauti Chuo Kikuu cha New York.

Spika za wakati ule koni zake zilishikiliwa na ukingo mgumu, ule mduara wa nje unaoiunganisha koni na fremu. Ugumu huo ndio ulioirudisha koni katikati kila inapokwenda. Tatizo, ukingo mgumu hauvutiki sawasawa. Koni ikisafiri mbali kidogo, kama inavyofanya kwenye besi, sauti inachafuka.

Villchur akajiuliza: kama hewa iliyofungwa ndani ya boksi ikibanwa inasukuma, na ikivutwa inavuta, kwa nini isifanye yenyewe kazi ya springi? Hewa haichoki wala haikwaruzi. Basi akaifanya koni iwe laini kabisa, ukingo wa majaribio akautengeneza kwa kitambaa cha godoro, akaliziba boksi lisitoe hata pumzi. Kwa mpango huu boksi dogo likawa sehemu ya mashine, kwa sababu hewa chache ndiyo springi yenye nguvu inayotakiwa.

Akalipeleka wazo kwa kampuni zilizokuwepo. Zikakataa. Darasani kwake kulikuwa na kijana anaitwa Henry Kloss, aliyekuwa na karakana ndogo huko Cambridge, Massachusetts, akitengeneza maboksi ya spika. Mwaka 1954 wakaungana wakaanzisha Acoustic Research, na mwaka huohuo spika yao ya kwanza, AR-1, ikatoka. Boksi lake lilikuwa na urefu wa sentimeta sitini na ushee tu, lakini lilishuka kwenye besi ambayo makabati yenye ukubwa wa friji yalikuwa yanaihangaikia.

Bahati nayo ikawa upande wao. Mwishoni mwa miaka ya 1950 santuri za stirio ziliingia sokoni, na stirio inataka spika mbili. Nani ana nafasi ya friji mbili sebuleni? Ghafla spika ya rafuni ikawa ndiyo mpango mzima. Miaka iliyofuata AR ilifungua chumba cha kusikilizia ndani ya stesheni kubwa ya treni ya New York, Grand Central. Hapo haukuuziwa kitu. Unaingia, unakaa, unasikiliza, unakwenda zako kupanda treni. Nao, kama Briggs, wakafanya maonyesho ya wanamuziki hai dhidi ya spika, wakiwa na kundi la Fine Arts Quartet.

Kloss hakukaa sana. Mwaka 1957 aliondoka akaanzisha KLH na wenzake wawili. Herufi ya mwisho, H, ni ya Anton Hofmann, mwanafizikia na mtoto wa mpiga piano maarufu Josef Hofmann. Huyu ndiye aliyeacha kanuni ambayo kila anayejenga spika hukutana nayo. Kuna vitu vitatu: boksi dogo, besi ya kina, na sauti kubwa kwa umeme kidogo. Chagua viwili. Cha tatu utakilipia. Ukikutana na boksi lenye ukubwa wa tofali linaloahidi vyote vitatu, muulize muuzaji kama Hofmann amekubali.

HESABU ZILIZOWAFUNGULIA WATU MLANGO

Mpaka hapo, mtu wa nyumbani alikuwa bado anabahatisha. Boksi lililozibwa unaweza kulikadiria. Lakini boksi lenye tundu, lile ambalo hewa inatoka kwa bomba na kuongeza besi, lilikuwa kamari. Bomba likizidi urefu, besi inazama. Likipungua, inavimba na kusikika noti moja tu kila wimbo, bum bum bum.

Mwaka 1961 injinia wa Australia, Neville Thiele, alichapisha utafiti ulioonesha kwamba tabia ya spika kwenye boksi la tundu inaweza kupigiwa hesabu kabla ya kukata ubao hata mmoja. Utafiti huo ulitoka kwenye jarida la huko kwao, na dunia ikaupita kama haikuuona. Ni mpaka 1971 uliporudiwa kuchapishwa kwenye jarida la chama cha mainjinia wa sauti huko Marekani ndipo watu wakashtuka. Mmarekani aliyekuwa akisoma Chuo Kikuu cha Sydney, Richard Small, akaikamilisha kazi hiyo kwa mfululizo wa makala za 1972 na 1973.

Kwa kifupi walisema hivi: kila spika ina namba zake chache zinazoeleza tabia yake. Koni inapenda kutikisika kwa kasi gani ikiachwa huru. Inajizuia kiasi gani ikishaanza kutikisika. Ulaini wake ni sawa na wa hewa ya lita ngapi. Ukizijua namba hizo, unaweza kukokotoa ukubwa wa boksi na urefu wa bomba. Na nyingi unaweza kuzipima mwenyewe kwa mita ya fundi na rezista moja.

Hili si jambo dogo. Kabla yake, siri ya boksi zuri ilikaa kichwani kwa fundi mkongwe au kwenye kabati la kampuni. Baada yake, mtu asiye na jina, aliyemaliza shule na kuishia hapo, akiwa na kalamu na kikokotoo, aliweza kufika pale kampuni ilipofika. Viwanda vyenyewe vikaanza kuziandika namba hizo kwenye karatasi za spika wanazouza mojamoja. Mwaka 1977 kikatoka kitabu cha Vance Dickason cha mapishi ya spika, na 1980 Marekani ikapata jarida zima la wajenzi, Speaker Builder.

Ndani ya majarida hayo kulijaa watu ambao historia haitawataja. Walimu, mafundi umeme, madereva, wastaafu. Mtu anatuma mchoro wa boksi lake na vipimo, mwingine anajenga na kuandika kwamba sauti ya juu inakwaruza, wa tatu anabadilisha kapasita moja na kurudisha majibu. Hakuna aliyelipwa mshahara kwa kazi hiyo.

SPIKA YA NDANI YA GARI LA BBC

Huku nyuma, shirika la utangazaji la Uingereza, BBC, lilikuwa na tatizo lake. Magari ya kurushia matangazo ya nje yalikuwa finyu, na mle ndani fundi anatakiwa asikie kama sauti ya mtangazaji iko sawa. Miaka ya 1970 kitengo chao cha utafiti kikatoa LS3/5A, kiboksi chenye urefu wa kama sentimeta 30, wufa na tiwita zake zikitoka kampuni ya KEF.

Kwa besi nzito, sahau. Kwa kelele za sherehe, sahau kabisa. Lakini sauti ya binadamu ilitoka kama mtu amekaa mbele yako. Na wakati Briggs alijaza kuta zake mchanga, BBC walifanya kinyume: plaiwudi nyembamba iliyobandikwa tabaka zito kwa ndani la kuua mtetemo. Njia mbili tofauti, adui mmoja.

Watu wa gereji waliipenda kwa sababu KEF ilikuwa inauza spika zake mojamoja kwa wajenzi. Ukipata jozi, ukipata mchoro, unaanza. Hapo wengi wakagundua jambo linalowaumiza wajenzi mpaka leo: kuwa na spika zilezile na boksi lilelile hakutoshi. Roho iko kwenye krosova, yaani zile koili na kapasita zinazogawa besi iende kwa wufa na sauti ya juu iende kwa tiwita.

Chukua boksi lenye upana wa sentimeta 20 mbele. Sauti za juu zinapiga ubao wa mbele na kuelekea kwako zote. Sauti za chini, kuanzia kama hezi 600 kushuka, ni mawimbi mapana kuliko ubao, hivyo yanazunguka boksi na mengine yanakwenda ukutani. Matokeo yake, chini kunaweza kupungua mpaka desibeli 6 ukilinganisha na juu. Ukichomeka krosova ya dukani isiyojua lolote kuhusu boksi lako, spika itakuwa nyembamba na ya kupayuka. Mjenzi anailaumu wufa. Ananunua kubwa zaidi. Tatizo linabaki palepale.

MTIHANI MGUMU: KUMHUKUMU MTOTO WAKO

Sasa spika imeisha. Umekata MDF, umepaka rangi, vidole vina gundi, umelehemu mpaka saa nane usiku. Unawasha. Itasikikaje?

Nzuri sana. Lazima. Umeizaa wewe.

Hili ndilo lililowasumbua watafiti kwa miaka. Floyd Toole, mwanasayansi wa Kanada, alianza kuwasikilizisha watu spika zikiwa zimefichwa nyuma ya pazia. Mwaka 1994 yeye na Sean Olive wakaripoti jaribio lililotakiwa kumwaibisha kila mpenda spika. Walichukua watu 40, wafanyakazi wa kampuni ya sauti ya Harman, watu wa fani kabisa. Wakawapa spika nne, moja ikiwa seti ndogo ya bei ya chini. Mara ya kwanza pazia limefungwa. Mara ya pili wanaona.

Pazia likiwa limefungwa, seti ndogo ilisimama vizuri mbele ya wakubwa. Pazia lilipofunguliwa, alama za spika kubwa za gharama zikapanda na za ndogo zikashuka. Masikio yaleyale, chumba kilekile. Kilichobadilika ni macho. Na hawa ni watu wanaokula kwa kazi ya sauti.

Basi yule mteja wa PMPO mwanzoni asichekwe sana. Na wewe uliyejenga yako usijiamini sana pia. Wote mnaumwa ugonjwa mmoja, mmoja anaona ukubwa, mwingine anaona jasho lake.

Wajenzi wazuri walijifunza kujilinda, na njia zao hazina gharama. Kwanza, spika mbili zinazoshindanishwa lazima zipige kwa kiwango kimoja cha sauti, kwa sababu iliyozidi hata desibeli moja itaonekana bora bila sababu. Pili, anayebadilisha waya asiwe anayesikiliza, na msikilizaji afunge macho au kuwe na shuka katikati. Tatu, usianze na ngoma ya klabu. Anza na sauti ya mtu anayeongea, mtu unayemjua, kwa sababu sikio lako linajua binadamu anasikikaje kuliko linavyojua besi ya kompyuta. Nne, sikiliza siku kadhaa. Spika inayovutia dakika ya kwanza kwa ukali wa juu mara nyingi ndiyo inayochosha kichwa saa ya pili.

Leo kazi iliyowachukua wakongwe miezi inafanyika kwenye laptopu. Kuna programu za bure kama VituixCAD ya kuchora krosova na REW ya kupima, na maikrofoni ya kupimia imeshuka bei kuliko enzi zile. Fundi anayekata boksi za mbao mtaani na kuzifunga spika za gari ndani yake ana msumeno ambao Villchur angeutamani. Mikono anayo. Mara nyingi kinachokosekana ni ile karatasi ya namba za spika, kwa sababu spika nyingi zinazouzwa bila boksi hazina hata herufi moja ya maelezo. Na bila namba, anarudishwa kule kwenye kubahatisha kabla ya Thiele, wakati mteja anaendelea kudai boksi kubwa lenye taa.

Kwa hiyo swali ni kwako msomaji. Ukiwekewa shuka katikati, boksi la elfu kumi PMPO upande mmoja na kiboksi cha fundi wa mtaani upande wa pili, vyote kwa sauti sawa, una uhakika utalichagua lile lililo kwako nyumbani? Kama una fundi aliyewahi kukutengenezea spika ikakushangaza, au ikakuangusha, tupia komenti hapo chini. Taja inchi za wufa, boksi lilikuwa na tundu au limezibwa, na wimbo gani ulitumia kuijaribu.